Somo la 24: Mji, Jangwa na Mlima, au Jinsi ya Kupanga Safari ya Jamaa

Wazee wetu husema, "Mshika mawili moja humponyoka." Mithali hii yawafaa sana wasafiri, kwa maana mtu atakaye kuona kila kitu kwa siku chache mara nyingi harudi na kitu ila uchovu. Katika somo hili tutaona jinsi jamaa moja ilivyopanga safari ya nchi mbili za ng'ambo, yaani Omani na Falme za Kiarabu. Mpango wao wa kwanza ulikuwa mbaya, na wa pili ulikuwa mwema. Someni kwa makini, mpate kutambua tofauti.

1. Sababu ya safari

Palikuwa na jamaa moja mjini Tanga: baba, mama, watoto watatu, na bibi mzaa baba. Bibi huyo alizaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi waliondoka kisiwani, na miongoni mwao alikuwamo mjomba wake, ambaye alimchukua ndugu yake mdogo wa kiume. Wakati ule Bibi alikuwa na umri wa miaka 14, na ndugu yake miaka 9. Hata mwaka 1970 Sultani Qaboos bin Said aliposhika utawala wa Omani, wengi katika hao waliotoka Unguja wakaenda kukaa Maskati, na huyo ndugu pamoja nao. Hata leo Kiswahili husikika katika nyumba na maduka ya mji ule. Wala si ajabu, kwa kuwa Omani na Unguja zimejuana tangu zamani. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, alitawala nchi zote mbili, naye aliyahamisha makao yake kutoka Maskati kwenda Unguja. Mwaka 1861 ndipo zilipotenganishwa, kila moja ikawa na sultani wake.

Miaka 60 ikapita pasipo ndugu hao wawili kuonana. Walisikia sauti kwa simu tu. Siku moja Bibi akamwambia mwanawe, "Mwanangu, mimi nimekuwa mzee. Nataka nimwone ndugu yangu kabla macho yangu hayajafumba."

Baba akajibu, "Inshallah, mama, utamwona."

Kisha baba akawaza moyoni mwake: "Kama twalipa nauli ya kwenda mbali hivi, yafaa watoto nao waone miji mikubwa, na jangwa, na milima ya Uarabuni." Wazo hili lilikuwa jema. Lakini wazo jema lisipopimwa laweza kuzaa mpango mbaya, kama mtakavyoona.

2. Mpango wa kwanza

Baba akachukua karatasi akaandika safari ya siku 9 katika mwezi wa Julai. Alitaka kuona Dubai, Abu Dhabi, Maskati, Sur, jangwa la Sharqiya, Nizwa, mlima Jebel Shams, na Salalah iliyo kusini kabisa mwa Omani. Alichagua Julai kwa sababu alisikia ya kuwa wakati huo mvua za kusi huifanya Salalah kuwa na majani mabichi kama Usambara.

Jioni akaisoma karatasi hiyo mbele ya watu wote wa nyumba. Mtoto wa pili, aliyekuwa na miaka 11, akafurahi sana. Lakini dada yake mwenye miaka 14, ambaye alipenda hesabu, akatwaa penseli akanena, "Baba, naomba ruhusa nihesabu."

"Haya, mwanangu, hesabu."

"Kutoka Maskati hata Salalah ni kama kilometa 1,000. Kwenda na kurudi ni 2,000. Motakaa ikienda kilometa 80 kwa saa, tutakaa ndani saa 25. Hiyo ni zaidi ya mchana na usiku wake, nasi hatujahesabu kula wala kulala. Na mdogo wetu hutapika akikaa motakaani zaidi ya saa tatu."

Mama naye akasema, "Baba watoto, wewe umeangalia Salalah tu. Mwezi wa Julai, Dubai na Maskati joto la mchana hupita digrii 40. Jangwani je? Mama ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Atavumiliaje?"

Ndipo Bibi, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza kwa sauti ya upole, "Na ndugu yangu nitamwona siku gani?"

Baba akaitazama karatasi yake. Alikuwa amemwandikia Bibi mchana mmoja, tangu saa nane hata magharibi. Akaona haya. Akaikunja karatasi, akasema, "Mama, unisamehe. Nimepanga safari nikasahau sababu ya safari."

3. Mpango wa pili

Asubuhi ya pili wakaanza upya, wakashika kanuni nne ambazo zamfaa kila msafiri.

Kanuni ya kwanza: Lililo kubwa liwekwe kwanza. Walikubali kwamba wataruka moja kwa moja mpaka Maskati, wakae siku nne kwa nduguye Bibi, ndipo waende kwingine. Maana nguvu za mzee ni nyingi mwanzo wa safari, nazo hupungua mwishoni.

Kanuni ya pili: Majira yachaguliwe kwa ajili ya nchi iendewayo. Wakaacha Julai, wakachagua Desemba, ambapo shule hufungwa. Desemba ni wakati wa baridi katika Omani. Mchana wa Maskati huwa na joto la kadiri ya digrii 25, na jangwani mtu aweza kutembea pasipo kudhurika.

Kanuni ya tatu: Mahali pawe pachache, na kila mahali pawe na sababu. Salalah, Sur, Abu Dhabi na Jebel Shams zikafutwa. Wakabakiza miji mitatu, jangwa moja na mlima mmoja.

Kanuni ya nne: Iwepo siku isiyo na kazi. Siku hiyo ni kama akiba ya nafaka ghalani. Huwezi kujua utaihitaji lini.

Hii ndiyo orodha waliyoandika:

Jumamosi: kufika Maskati. Jumapili hata Jumanne: kukaa kwa ndugu, na kuona mji.
Jumatano: kwenda jangwani, na kulala huko.
Alhamisi: kwenda Nizwa, na kulala huko.
Ijumaa: asubuhi mnada wa mbuzi na ngome ya Nizwa, jioni kupanda Jebel Akhdar.
Jumamosi: kukaa mlimani.
Jumapili: kurudi Maskati.
Jumatatu: siku isiyo na kazi.
Jumanne: kwenda Dubai kwa ndege. Jumatano na Alhamisi: kuona Dubai.
Ijumaa: kurudi nyumbani.

Angalieni jambo moja. Mnada wa mbuzi wa Nizwa hufanywa asubuhi ya Ijumaa. Kama wangefika Nizwa Jumamosi wasingeuona. Kwa hiyo siku za jangwani zilipangwa ili Alhamisi usiku wawe wamekwisha kuwasili Nizwa. Msafiri mwenye akili huuliza siku za soko kabla ya kuandika orodha yake.

Bibi akasema kwamba yeye hataenda jangwani wala mlimani. "Mchanga wa Pwani umenitosha," akanena, nao wakacheka. Siku hizo zote atakaa na ndugu yake.

4. Mambo ya kujua juu ya kila mahali

Mji. Maskati umejengwa kati ya bahari na milima ya mawe. Sehemu yake iitwayo Mutrah ina bandari na soko la zamani ambamo huuzwa ubani, fedha na nguo. Uko pia msikiti mkubwa wa Sultani Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001. Dubai ni mji wa namna nyingine. Humo limo jengo refu kupita yote duniani, liitwalo Burj Khalifa, lenye urefu wa meta 828, nalo lilifunguliwa mwaka 2010. Lakini pana hori pia, na mashua ndogo huvusha watu kutoka upande huu hata upande huu. Mtoto wa Tanga akiyaona majahazi yaliyofungwa pale hatajiona mgeni.

Jangwa. Mchanga wa Sharqiya una vilima virefu, na vingine hufika kama meta 100. Mtu asiyeijua njia asiingie peke yake; hukodi dereva mwenyeji. Dereva huyo hupunguza upepo wa magurudumu ili yasizame mchangani. Kila mtu achukue lita 4 za maji kwa siku au zaidi. Motakaa ikikwama, abiria wasiiache wakaenda kutafuta msaada kwa miguu, kwa maana motakaa huonekana kwa mbali kuliko mtu, nayo ina kivuli. Tena usiku wa jangwa una baridi, kwa sababu mchanga hupoteza joto upesi jua likichwa.

Mlima. Jebel Akhdar, maana yake "mlima wa kijani", una uwanda wa Saiq ulio juu kadiri ya meta 2,000. Wenyeji wamekata matuta ubavuni mwa mlima wakapanda makomamanga na mawaridi. Mawaridi huchanua mwezi wa Aprili. Baba aliwaambia watoto mapema ya kuwa Desemba hawatayaona, wasije wakanung'unika. Maji ya mashamba hupita katika mifereji iitwayo falaj, kama ile ya Wachaga kule Kilimanjaro. Mitano katika mifereji hiyo ya Omani iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, na mmoja wao, Falaj Daris, uko Nizwa. Chini ya mlima pana kituo cha askari, nao huruhusu tu motakaa zinazovutwa kwa magurudumu yote manne.

Yawapasa kujua tena kwamba kila tupandapo meta 1,000 joto hupungua kama digrii 6 na nusu. Ikiwa pwani ni digrii 25, basi Saiq itakuwa kama digrii 12 mchana, na usiku chini ya hapo. Mama akaweka masweta sandukuni, ijapokuwa jirani walimcheka wakisema, "Sweta Uarabuni?"

5. Hati, fedha na dawa

Kila mtu, hata mtoto mdogo, lazima awe na pasipoti yake, nayo iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kwisha. Kwa kuwa nchi ni mbili, ruhusa za kuingia ni mbili, na kila moja ina masharti yake. Baba aliuliza miezi mitatu mbele, wala hakungoja wiki ya mwisho.

Fedha nazo ni mbili. Omani hutumia riali, ambayo hugawanywa kuwa baisa 1,000. Dubai hutumia dirhamu, ambayo hugawanywa kuwa filsi 100. Riali moja ni sawa na dirhamu 9 na nusu hivi. Basi mtu akiona noti ya baisa 500 asidhani kuwa ni tajiri. Ni nusu ya riali tu. Katika kila shilingi 10 za safari baba alitenga 1 kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa.

Dawa za Bibi zilitiwa katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari, kwa maana dawa nyingine zinazouzwa kwetu haziruhusiwi kuingizwa huko bila hati. Mkoba wa mkononi haupotei kama sanduku.

6. Mambo yalivyokuwa

Walipotoka nje ya kiwanja cha ndege cha Maskati, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe alikuwa akingoja, ameegemea fimbo. Akamtazama Bibi kitambo kirefu. Kisha akasema, "Shikamoo, dada."

Bibi akajibu, "Marahaba, mdogo wangu," wala hakuweza kuongeza neno lingine.

Safari ilikwenda vema, ila jambo moja. Jumapili, siku ya kushuka mlimani, mvua kubwa ilinyesha mbali juu ya majabali. Mbingu ilikuwa safi pale walipo, lakini korongo lililokuwa kavu jana lilijaa maji yaendayo kwa nguvu. Dereva akakataa kuvuka. "Maji haya," akasema, "huchukua motakaa kama jani." Wakalala njiani, wakafika Maskati Jumatatu adhuhuri. Hawakukosa ndege, wala hapakuwa na kelele wala machozi, kwa sababu Jumatatu ilikuwa siku isiyo na kazi.

Na Bibi? Aliwaambia, "Nyinyi mmechelewa, mimi nimepata asubuhi moja zaidi."

Maswali

1. Kwa nini baba aliona haya Bibi alipouliza swali lake?
2. Taja kanuni nne za mpango wa pili. Ipi iliwasaidia siku ya mvua?
3. Ikiwa Maskati ni digrii 27, mahali palipo juu meta 1,000 patakuwa na digrii ngapi?
4. Watu 5 wakikaa jangwani siku 2, na kila mmoja akihitaji lita 4 kwa siku, wachukue lita ngapi za maji?
5. Andika mpango wa safari ya siku 5 ya jamaa yako. Anza kwa kuandika sababu ya safari katika mstari wa kwanza.