Kabla ya Kulipa Ada ya Kozi Fupi ya Kompyuta

Tuchukue mfano wa binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye mama yake, muuza mboga, amepokea zamu yake ya upatu na kuazimia kumsomesha mwanawe kompyuta. Njiani kuelekea sokoni kuna bango: "Programu 8 kwa mwezi mmoja. Cheti kinatolewa. Ajira nje nje." Mama analipa siku hiyo hiyo. Zamu ya upatu haiji tena upesi, na ndiyo sababu twamwomba msomaji atulie nasi kidogo kabla ya kufungua mkoba.

Bango la namna hiyo lapasa kusomwa kwa kalamu mkononi. Kozi ya mwezi mmoja yenye saa moja kwa siku, siku 5 kwa juma, ina saa 20 tu. Ukizigawa kwa programu 8, kila programu hupata saa mbili na nusu. Iwapo wanafunzi wawili wanatumia mashine moja, kila mmoja hubakiwa na saa moja na robo, na hapo hatujahesabu siku ambazo umeme hukatika. Muda huo watosha kujua Excel inafunguliwa wapi. Hautoshi kujifunza kuitumia kutunza hesabu za duka, kuandika kanuni ya kujumlisha mauzo na kutambua pale ilipokosewa. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza mwenye chuo si idadi ya programu, bali ni hili: kila mwanafunzi atakaa saa ngapi peke yake mbele ya mashine? Uliza pia kama umeme ukikatika kuna jenereta, au kama kipindi kilichopotea hufidiwa.

Swali linalofuata ni lako mwenyewe. Anayetafuta kazi ya ukarani ahitaji kuchapa haraka bila kutazama kibodi, kupanga barua katika Word, kutunza majedwali katika Excel, kutuma barua pepe yenye kiambatisho na kupanga mafaili yasipotee. Mwenye duka dogo aweza kuanza na Excel pekee. Anayetaka kutengeneza kompyuta ahitaji mafunzo mengine kabisa, nayo hayaishi kwa mwezi. Sisi twaona ni heri programu mbili zilizoiva kuliko nane zilizoonjwa.

Usilipe kabla ya kufika darasani. Omba kuketi katika kipindi kimoja. Chuo kinachojiamini hakitakukatalia. Hesabu mashine zinazowaka, wala si zilizopangwa mezani. Tazama kama mkufunzi anapita kwa kila mwanafunzi au anasoma maelezo ubaoni huku wengine wakinakili daftarini, maana kompyuta haifundishwi kwa imla. Uliza wanatumia toleo gani la programu: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 2020, na anayefundishwa kwa mfumo huo atakutana ofisini na sura nyingine. Kama huna kompyuta nyumbani, ulizia saa za mazoezi nje ya kipindi, kwani vidole husahau upesi kuliko kichwa. Mwenye kompyuta lakini hana fedha za programu aweza kufanyia mazoezi LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Kuhusu cheti, tuseme wazi: karatasi yenye muhuri si lazima iwe na uzito mbele ya mwajiri. Usajili wa vyuo vya ufundi na ufundi stadi nchini husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Ulizia huko kama chuo kimesajiliwa, kisha uliza kama kozi unayoitaka imo katika usajili huo, maana chuo chaweza kusajiliwa kwa ushonaji kikatangaza na kompyuta. Baadhi ya vituo vya VETA navyo hutoa kozi fupi za kompyuta. Si vibaya kulinganisha ada na saa zake na za chuo cha jirani.

Ada iliyoandikwa kwenye bango mara nyingi ni mwanzo tu. Tuseme bango lasema shilingi 60,000. Ndani kuna 10,000 ya usajili, 15,000 ya mtihani na 15,000 ya cheti, na jumla inafika 100,000. Taka orodha kamili kwa maandishi, pamoja na masharti ya kurejeshewa fedha endapo kozi haitaanza au mkufunzi ataondoka. Ikiwezekana, lipa kwa awamu, na kila awamu uchukue risiti.

Piga picha ya bango pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na bango lililoahidi saa ambazo hazikufundishwa ni ushahidi wako. Andika kwanza barua kwa mkuu wa chuo, ueleze ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai, nawe ubaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Asipojibu, peleka nakala hiyo, risiti na picha kwa Tume ya Ushindani. Na kama tatizo ni usajili au cheti, zipeleke NACTVET.