Mtu Mzima Darasani: Namna ya Kumtia Moyo Asiyaache Masomo ya Ufundi



Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi imewafungia watu wazima wengi mlango wa darasa. Huambiwa kwamba wamekwisha kukauka, hawakunjiki tena. Sisi tunaoandaa jarida hili, tunaokutana na wananchi kutoka kilima cha Wanyange na mji wa Jinja hadi Mbale na mipaka ya Malaba, Busia na Lwakhakha, twaona kwamba methali hiyo imetumiwa mahali pasipo pake. Mtu mzima hujifunza, tena hujifunza vizuri. Linalomshinda mara nyingi si somo, bali ni mambo yanayolizunguka somo.

Shabaha ya somo hili ni kumsaidia mkufunzi, jamaa na kiongozi wa kijiji aelewe kwa nini mwanafunzi mtu mzima huacha mafunzo ya ufundi, na afanye nini ili abaki hadi mwisho.

1. Kwa nini jambo hili latuhusu

Huenda msomaji akauliza polisi wana kazi gani na madarasa ya ushonaji, uashi au uchomeleaji wa vyuma. Jibu limo katika historia yetu wenyewe. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, umeme wake ulivuta viwanda, vikiwamo vya nguo na vya kuyeyusha shaba. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, viwanda vingi vilidhoofika, kwa kuwa mashine zilibaki bila vipuri na bila watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuziendesha. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba mashine bila fundi ni chuma tu.

Upande wa Mbale nako kuna somo lake. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Kahawa ya Bugisu ikavushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Wapo waliotajirika kwa miezi michache, lakini neema ile haikudumu. Bei na ulinzi wa mpaka hubadilika, na anayetegemea njia ya panya hubadilikiwa navyo. Ufundi ulio mkononi hauchukuliwi na yeyote kizuizini.

Kwa hiyo mtu mzima anapoyaacha mafunzo katikati, hasara si yake peke yake. Aghalabu hurudi alikotoka, na kwetu sisi wa mpakani, alikotoka huenda ni kubeba mzigo wa magendo usiku. Kila anayehitimu na kupata riziki ya mchana huipunguzia jamii hatari moja.

2. Mtu mzima si mtoto mkubwa

Mtaalamu wa Marekani, Malcolm Knowles, alijulikana kwa kufundisha kwamba mtu mzima hujifunza kwa namna yake. Anataka kujua sababu ya kujifunza kabla ya kuanza. Anakuja na uzoefu wa miaka mingi. Anapenda kushirikishwa katika maamuzi, wala si kuamrishwa. Tena anajifunza ili atatue shida aliyo nayo leo, si ile itakayokuja baada ya miaka kumi.

Afrika Mashariki ililitambua jambo hili mapema. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia mwaka 1975 ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambamo watu wazima hujifunza useremala, ushonaji, kilimo na ufundi mwingine. Nchini Uganda, mpango wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima ulianza mwaka 1992, ukiunganisha kusoma na kuandika na kazi za kila siku. Fikira ni moja kote: elimu ya mtu mzima ishike mguu wa maisha yake.

3. Mafiga matatu ya moyo wa kujifunza

Chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Vivyo hivyo, moyo wa mwanafunzi mtu mzima hukaa juu ya mambo matatu, na moja likiondoka, chungu humwagika.

Figa la kwanza ni faida anayoiona. Mwanafunzi hujiuliza kila jioni: leo nimepata nini? Akijibu kwamba amenakili maneno ubaoni tu, kesho atakwenda sokoni. Figa la pili ni imani kwamba ataweza. Wengi waliacha shule wakiwa wadogo kwa kukosa karo, au walichapwa na kuchekwa hata wakaamini kwamba vichwa vyao ni vizito. Figa la tatu ni nafasi ya kuhudhuria. Mama anayeuza samaki na baba anayeendesha bodaboda hulipa kila saa ya darasa kwa pesa ambazo hawakuzipata.

Hebu tuchukue mfano wa kufikiria. Mwanafunzi wa ushonaji hajafika kwa wiki mbili. Mkufunzi asiyepima atasema ni mvivu. Mkufunzi anayepima atauliza ni figa lipi limeondoka. Je, bado anashona karatasi badala ya kitambaa, asione faida? Je, alichekwa aliposhindwa kusoma futi ya kupimia? Au ni msimu wa kuvuna, na hakuna wa kumsaidia shambani? Maswali haya matatu yana majibu tofauti, na kumkemea si mojawapo.

4. Wajibu wa mkufunzi

Kwanza, kila siku na itoe tunda. Siku ya kwanza ya ushonaji mwanafunzi aondoke na kifungo alichokishona, na wiki ya kwanza aondoke na mfuko wa kitambaa anaoweza kuuuza au kuutumia. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu mzima anataka kukiona kibaba kikijaa.

Pili, anzia kwa analolijua. Mwashi ambaye hakumaliza shule ya msingi hujua kupata pembe sawa ya msingi wa nyumba kwa kamba: hupima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha huhakikisha kwamba kamba ya kukatiza ni futi 5. Mkufunzi mwerevu hamwambii kwamba hajui hesabu. Humwonyesha kwamba 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake ni 25, ambayo ni 5 mara 5. Mwanafunzi hugundua kwamba hesabu aliyoiogopa ameibeba mkononi miaka yote. Figa la pili husimama palepale.

Tatu, fundisha bei pamoja na kazi. Tuseme kitambaa cha gauni kimegharimu shilingi 24,000, uzi na vifungo 3,000, na nauli 3,000. Akiliuza gauni kwa 35,000, atabaki na 5,000 kwa siku nzima ya kazi. Darasa lijadili: je, apandishe bei, anunue kitambaa kwa jumla pamoja na wenzake, au ashone sare za shule? Mjadala kama huo humfanya ajione mwenye biashara, si mtoto wa shule.

Nne, mrekebishe kwa staha. Anayefundishwa huenda akawa mzee wa ukoo au mama wa watoto saba. Mwite kwa heshima anayoitwa nyumbani, mrekebishe pembeni, na umsifu kwa jambo mahususi alilolifanya vyema.

Tano, muoneshe mlango wa cheti. Uganda ina utaratibu wa kupima ufundi ambao mtu ameupata kazini, hata kama hana karatasi za shule, na wa kupima sehemu ndogo ya ufundi pasipo kungoja kozi nzima imalizike. Chuo cha ufundi kilicho karibu kitaeleza hatua za kufuata. Kwa wakaaji wa mpakani jambo hili ni kubwa zaidi, kwa maana Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Cheti hakiondoi masharti ya kibali cha kazi, lakini humpa fundi kitu cha kuonyesha pande zote mbili.

5. Wajibu wa jamaa na viongozi

Figa la tatu haliwezi kusimamishwa na mkufunzi peke yake. Mume asimwambie mkewe kwamba anapoteza muda. Amshikie kazi ya jioni mara mbili kwa wiki. Mwenyekiti wa kijiji akae na chuo wapange saa zisizogongana na siku ya soko wala msimu wa kuvuna. Nchini Tanzania, baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimetenga mahali pa kulelea watoto wachanga ili mama vijana wasome. Hata kijijini kwetu mkeka chini ya mwembe na nyanya mmoja mwaminifu vyaweza kuifanya kazi hiyo.

6. Wajibu wetu sisi polisi

Hapa yatupasa kusema wazi. Wapo wanafunzi waliowahi kupita njia za panya. Wakimwona askari mlangoni wakadhani darasa ni mtego, hawatarudi, na darasa litakuwa limekufa. Kwa hiyo askari wa ushirikiano na jamii aingie darasani kwa mwaliko wa mkufunzi, aje kufundisha na kujibu maswali: namna ya kuandika mapatano ya kazi na mteja, ya kutunza risiti za vyuma na vifaa vilivyonunuliwa ili fundi asishukiwe kununua mali ya wizi, na ya kuvusha bidhaa halali kupitia kituo rasmi. Asije kukusanya majina. Imani ya wananchi hujengwa polepole na huvunjwa kwa siku moja.

Maswali ya kujadiliana

Katika mkutano wenu ujao wa kijiji, jadilianeni haya:

(a) Ni nani miongoni mwetu aliyeacha mafunzo mwaka huu, na ni figa lipi lililoondoka?
(b) Ni saa zipi za wiki ambazo akina mama na vijana wetu wanaweza kusoma bila kupoteza riziki?
(c) Ni fundi gani kijijini petu mwenye ujuzi lakini hana cheti, na nani atamsindikiza hadi chuoni?

Tunaomba swali la tatu lisiishie katika mazungumzo. Mchagueni mtu mmoja, mpangeni siku, na mmoja wenu afuatane naye.