Jicho la Refa na Jicho la Mtambo: Sayansi, Kandanda na Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Kwa zaidi ya karne moja, hukumu katika mchezo wa kandanda ilitegemea macho ya watu watatu: refa aliyeshika kipenga katikati ya uwanja, na wasaidizi wake wawili waliobeba vibendera pembeni. Walichokiona ndicho kilichohesabiwa kuwa kweli. Wasichokiona hakikuwa kimetendeka. Tangu mwaka 2012 mamlaka hayo yameanza kugawanywa baina ya binadamu na mtambo. Makala haya yanachunguza mabadiliko hayo kwa kuzingatia mifano ya Afrika Mashariki. Yanashikilia kwamba teknolojia haileti haki uwanjani kwa kuwapo kwake tu. Huleta haki pale ambapo chombo kinachofaa kimefungwa, na pale ambapo watazamaji wana maneno ya kukielewa. Sharti la kwanza ni kazi ya wahandisi. La pili linawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili.

Vyombo Vitatu, Kazi Tatu

Aghalabu mashabiki huvijumuisha vyombo vyote vya kisasa chini ya jina moja, VAR. Hata hivyo, kuna angalau vyombo vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni teknolojia ya mstari wa goli. Sheria inasema kuwa bao hupatikana mpira wote unapovuka mstari wote, uwe ardhini au hewani. Tarehe 27 Juni 2010 mjini Bloemfontein, mkwaju wa Frank Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani uligonga mwamba, ukadunda ndani ya lango, ukatoka, bao likakataliwa. Mnamo Julai 2012 bodi ya kimataifa inayotunga sheria za kandanda iliidhinisha matumizi ya teknolojia hii, na katika Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil kila lango lilielekezewa kamera saba. Mtambo hukokotoa mahali ulipo mpira na kutuma ishara kwenye saa ya refa kwa muda usiozidi sekunde moja.

Cha pili ni mwamuzi msaidizi wa video, ambaye watangazaji humwita VAR. Yafaa isisitizwe kwamba huyu si mtambo bali ni mtu anayetazama picha kwenye skrini. Aliingizwa katika sheria mwezi Machi 2018 na akatumika katika Kombe la Dunia la Urusi mwaka huohuo. Wakati huo kazi yake ilifungiwa katika mambo manne: mabao, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Yeye hushauri, refa ndiye anayeamua.

Cha tatu ni mtambo wa kupima kuotea unaojiendesha kwa kiasi. Huko Qatar mwaka 2022, kamera 12 zilizofungwa chini ya paa la uwanja zilifuatilia hadi nukta 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Hali kadhalika, ndani ya mpira mliwekwa kihisio kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde ili kubainisha wakati hasa mpira ulipopigwa.

Kwa Nini Picha Hudanganya

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kuna picha ya video, kwa nini kuna haja ya vihisio na kamera za ziada? Jibu limo katika hesabu nyepesi. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa husafiri takriban mita 28 kwa sekunde. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde huuona mpira huo mara moja, kisha huuona tena ukiwa umesogea sentimita 56. Kipenyo cha mpira ni kama sentimita 22 tu. Hivyo basi, mpira unaweza kuvuka mstari, ukadunda na kurudi, na tukio lenyewe likaangukia kati ya picha mbili.

Tatizo la pili ni pembe. Kamera isiyokaa sambamba na mstari wa goli hulitazama lango kwa upande, na mpira ulio hewani huonekana mbele au nyuma ya mahali ulipo kwa kweli. Picha inaweza kuwa safi kabisa na bado ikapotosha. Macho hayana pazia, lakini yana mahali pa kusimama.

Pretoria 2024 na Kasarani 2025

Tofauti ya vyombo hivi ilidhihirika katika mechi ambayo mashabiki wa Afrika Mashariki hawajaisahau. Tarehe 5 Aprili 2024 klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam, yaani Yanga, ilikuwa Pretoria ikimenyana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Dar es Salaam tarehe 30 Machi, ilikwisha bila bao. Katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki alifyatua mkwaju uliogonga mwamba wa juu, ukadunda chini kwenye eneo la mstari, kisha ukatoka. Waamuzi wa video walilipitia tukio hilo, bao halikutolewa. Mechi ikaisha 0-0 na Sundowns wakashinda kwa penalti 3-2. Yanga waliwasilisha malalamiko kwa Shirikisho la Kandanda la Afrika.

Katika mechi hiyo VAR ilikuwapo, lakini teknolojia ya mstari wa goli haikuwapo. Mwamuzi wa video alitakiwa ajibu kwa macho swali ambalo hujibiwa vyema kwa kipimo. Hata hivyo, mjadala mwingi ulioenea baadaye uliilaumu VAR, kana kwamba mtambo ulipima na kukosea. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na palipokosekana istilahi ya kutenganisha chombo na chombo, kila upande ulivuta.

Kwa upande mwingine, mwaka 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, ambapo VAR ilitumika. Tarehe 10 Agosti huko Kasarani, Kenya ilicheza na Moroko. Mchezaji mmoja wa Kenya alitolewa kwa kadi nyekundu baada ya picha kupitiwa upya, na bado wenzake kumi waliobaki waliulinda ushindi wa 1-0 uliotokana na bao la Ryan Ogam. Swali la hapa lilikuwa uzito wa rafu, jambo linalohitaji busara ya mtu aliyeona picha zaidi ya moja. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa VAR.

Neno “Kuotea” na Kipimo cha Kidole

Mabadiliko haya yamegusa pia maana za maneno. Kitenzi “otea” katika Kiswahili kina maana ya kuvizia, kama mwindaji anavyomwotea mnyama. Waliolihamishia uwanjani walichagua vyema, kwani sheria ililenga kumzuia mshambuliaji asijibanze karibu na lango akingoja mpira. Neno lenyewe lina hukumu ya kimaadili ndani yake: anayeotea ana nia.

Leo mtambo hauulizi nia. Humpima mchezaji kwa kichwa, kiwiliwili na miguu, na ncha ya kiatu ikitangulia, bao hufutwa. Mchezaji huyo hakuvizia mtu. Alikimbia sambamba na beki na kutangulia kwa sentimita chache. Neno limebaki lilelile, ilhali dhana imehama kutoka tabia hadi kipimo. Baadhi ya hasira za mashabiki huenda zinatokana na pengo hili: wanasikia “ameotea” na hawaoni mvizio wowote. Mwanaisimu ana nafasi ya kueleza upanuzi huu wa maana, na hata kujadili iwapo istilahi kama “kutangulia” ingefaa kutumika sambamba na ile ya zamani.

Viwanja vya Nyumbani

Uwanja wa Kinoru mjini Meru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyokarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, kabla ya Kenya kupokonywa mashindano hayo mwaka 2017 na kupewa Moroko. Nyasi, taa na viti ni vya lazima, lakini havitoshi; chombo cha kupimia nacho kina gharama zake. Mechi nyingi za vijiji na vyuo zitaendelea kutegemea kipenga na kibendera. Kwa hiyo sheria ni moja, ila macho hayalingani.

Hata hivyo, maarifa hayahitaji kusubiri fedha. Nchiru, palipo na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ni mahali mwafaka pa kuyaunganisha masomo. Simu moja iliyosimikwa sawasawa na mstari wa goli, na nyingine iliyowekwa pembeni, zinaweza kuonyesha baada ya mechi jinsi mpira uleule unavyoonekana umevuka na haujavuka. Mwanafunzi wa fizikia ataeleza sababu. Mwanafunzi wa Kiswahili ataipa jina litakaloeleweka na refa wa kijijini.

Hitimisho

Imebainika kwamba sayansi imelipunguza eneo la ubishi bila kuliondoa. Penye kipimo, ubishi hukoma; penye picha pekee, busara ya mwamuzi bado inahitajika; pasipo na chochote, uaminifu wa refa ndio ngao. Ni wajibu wa wapenzi wa Kiswahili kuhakikisha kuwa hali hizi tatu zina majina matatu. Shabiki anayejua ni chombo gani kilitumika anajua pia nani wa kuulizwa, na malalamiko yenye anwani sahihi ndiyo yanayoweza kujibiwa.