Majina ya Dawa na Programu za Kuyalinganisha

Dawa moja huweza kuwa na majina mengi. Katika daftari la zahanati moja huandikwa Panadol, katika la pili PCM 500, na katika la tatu parasetamoli. Nchini Marekani huitwa asetaminofeni. Mtafiti atakaye kujua ni wagonjwa wangapi waliopewa dawa hiyo hawezi kuhesabu mpaka majina yote yapewe namba moja. Katika mfumo wa ATC wa Shirika la Afya Duniani namba hiyo ni N02BE01.

Kazi hii husaidiwa na programu za kompyuta, kama vile Usagi, ambayo hutolewa bure. Hiyo hulinganisha maneno ya daftari na yale ya orodha sanifu, ikilipa uzito zaidi neno lisilotokea mara nyingi (neno “kidonge” basi halisaidii sana), kisha hupendekeza jina lililo karibu.

Programu nyingine, zikikusudia kusamehe makosa ya tahajia, hulinganisha herufi. Hapo pana hatari. Klopromazini hutibu maradhi ya akili. Klopropamidi hushusha sukari ya damu. Majina yanakaribiana, dawa hazina undugu wowote.

Kwa sababu hiyo pendekezo la Usagi huhitaji kuidhinishwa na mtu. Yafaa awe mfamasia, si fundi wa kompyuta peke yake, naye aanze na dawa zinazoandikwa mara nyingi, maana kosa la mstari mmoja huko huingia katika kumbukumbu za maelfu ya wagonjwa.