Sarafu ya Dhahabu ya Tabora na Ushahidi wa Maji

Huko Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, yangaliko magofu ya boma la Kijerumani lililoitwa Bismarckburg. Penye gofu hapakosi hadithi ya hazina, na penye hadithi ya hazina hapakosi muuzaji wa sarafu. Je, mwanafunzi aliyeonyeshwa kipande cha manjano chenye picha ya tembo aweza kukipima bila kukikwaruza?

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Kiingereza zilifunga njia ya pwani, hata fedha kutoka Ujerumani zikaadimika. Hivyo mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zilipigwa sarafu za shaba ya manjano za heller 5 na 20 (katika heller ndimo lilimotoka neno letu "hela"), pamoja na sarafu zipatazo 16,000 za rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke. Juni mwaka huohuo Waingereza waliliteka boma la Kasanga. Septemba, Wabelgiji wakaingia Tabora. Uchache huo ndio unaowavutia wakusanyaji. Faranga 20 ya Uswisi iliyoanza kupigwa mwaka 1897 ina dhahabu gramu 5.8, nayo rupia 15 ina gramu 5.4 tu, lakini ile ya Uswisi ilipigwa kwa mamilioni.

Sarafu ya Tabora ina tungamo la gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu. Densiti yake basi ni kati ya 15 na 16 hivi, kutegemea metali iliyochanganywa nayo. Weka bika yenye maji juu ya mizani ya maabara, rudisha kipimo kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji isiguse chini wala kando. Mizani itaonyesha tungamo la maji yaliyosukumwa. Ikisoma gramu 0.47, gawanya: 7.17 kwa 0.47 ni 15.3. Kipande cha shaba ya manjano chenye tungamo hilohilo kingesoma karibu 0.84, yaani densiti 8.5. Mwalimu aangalie viputo vya hewa: kosa la gramu 0.01 tu hubadili jibu kwa 0.3.

Maji hukanusha; hayathibitishi. Mghushi aliyetumia dhahabu ya kiwango hichohicho atafaulu mtihani huu, na hapo ndipo zinapohitajika lenzi, herufi T ya Tabora na jicho lililozoea. Kuisugua sarafu kwa mchanga au majivu ili ing'ae ni kufuta alama hizohizo zinazotafutwa.