SOMO LA LEO: Bega la mama liliganda, nusura nile mtaji wote. Linganisha tiba kama unavyolinganisha mzigo

Leo siongelei yule mteja wa "nitakucheki mwisho wa mwezi". Leo naongelea bega. Usipite, maana bega moja tu lilitaka kufunga duka langu.

Mimi nauza mikoba ya kitenge hapa Arusha. Napiga picha, naposti, napokea oda, napeleka vifurushi stendi. Anayeshona ni mama, kwenye cherehani yake nyumbani Ngaramtoni. Ana miaka 52. Kwa hiyo mtaji wangu siyo hela iliyoko kwenye simu, ni mikono ya mama.

Mwaka jana mwezi wa tatu akaanza kulalamika bega la kulia. Nikasema ni uchovu. Kufika mwezi wa sita hawezi kufunga kilemba, hawezi kushika bomba la juu kwenye daladala, na usiku akilalia upande ule anaamka. Nilikuwa namsikia anatembea sebuleni saa nane usiku. Mwezi ule nilirudisha hela za wateja 9.

MAKOSA YANGU

La kwanza: nilimnunulia diclofenac duka la dawa akameza wiki nyingi bila kumuuliza mtu. Dawa za aina hiyo zinaweza kuumiza tumbo na figo, na kupandisha presha.

La pili: nilimleta mzee wa kuchua. Alivuta ule mkono kwa nguvu, mama akalia. Tulirudia wiki tatu, bega likazidi kuwa gumu.

La tatu ndilo lilitaka kutumaliza. Jirani akasema hapo ni operesheni tu. Nilikuwa na 1,800,000 ya kuchukulia vitenge, nikaanza kuipigia hesabu. Mteja wangu mmoja ambaye ni nesi akaniambia, "Mdogo wangu, kabla hujalipa chochote, uliza ni ugonjwa gani na uko hatua gani." Hayo maneno yaliokoa mtaji.

BEGA KUGANDA NI NINI?

Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko laini. Kwenye ugonjwa huu ule mfuko unavimba, unakuwa mnene, halafu unajikunja. Mkono unakosa nafasi ya kuzunguka. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake, na wenye kisukari hupata zaidi ya wengine.

Daktari alimpima hivi: alimwambia mama ainue mkono, ukagoma. Kisha daktari akauinua mwenyewe, bado ukagoma. Hiyo ndiyo alama. Mtu aliyechanika msuli wa bega mara nyingi anashindwa kuinua mwenyewe, ila ukimwinulia mkono unaenda. Eksirei ya bega lililoganda mara nyingi haionyeshi kitu, inapigwa ili kuondoa wasiwasi wa magonjwa mengine.

Kisha akaagiza kipimo cha sukari kabla ya kula. Ikasoma 11, akarudiwa siku nyingine, bado juu. Mama alikuwa na kisukari na hatukujua. Ndugu yangu, mzazi wako akiganda bega, kapime sukari.

HATUA TATU

1. Maumivu. Bega linauma sana, hasa usiku, na linaanza kukaza. Miezi kadhaa.
2. Kuganda. Maumivu yanapungua lakini mkono hauendi. Miezi kadhaa tena.
3. Kulegea. Mkono unarudi pole pole, inaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Safari nzima mara nyingi ni mwaka mmoja hadi mitatu. Wengi wanapona, wengine wanabaki na ugumu kidogo. Ukijua hatua, unajua ununue nini. Mwezi wa kiangazi huchukui mzigo wa makoti ya mvua.

TIBA ZENYEWE, MOJA MOJA

A) Dawa za maumivu. Bei ndogo. Hazifungui bega, zinakupa usingizi. Zinafaa hatua ya kwanza. Mwambie mfamasia kama mgonjwa ana presha, vidonda vya tumbo, figo au kisukari.

B) Mazoezi tiba. Unaonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, halafu unafanya nyumbani kila siku. Gharama yake kubwa ni nauli na uvumilivu. Mama anafanya manne: anainama na kuuacha mkono uning'inie aubembeze kama pendulo, anatambaza vidole ukutani kwenda juu, anashika mpini wa fagio na kusukuma mkono mgonjwa kwenda nje, na anapitisha kanga mgongoni, mkono mzima unavuta mgonjwa juu. Kanuni: kuvuta kidogo ni sawa, maumivu yakibaki muda mrefu baada ya zoezi umezidisha. Uholanzi mwaka 2004 ulitoka utafiti wa wagonjwa 77. Waliofanya mazoezi ya upole bila kuvuka mpaka wa maumivu walikuwa vizuri zaidi baada ya miaka miwili kuliko waliolazimishwa kwa nguvu. Nilipojua hilo nilimkumbuka yule mzee wa kuchua.

C) Sindano ya steroidi ndani ya bega. Inapunguza uvimbe na maumivu kwa wiki kadhaa hadi miezi, na inafanya vizuri zaidi ukichoma mapema, bega likiwa bado linauma, na ukiunganisha na mazoezi. Ukiichoma hatua ya mwisho inakusaidia kidogo. Angalizo: inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Mwenye kisukari lazima aseme mapema.

D) Kunyooshwa ukiwa nusu kaputi, au operesheni ya tundu dogo ya kukata ule mfuko uliokaza. Hii ni kazi ya bingwa wa mifupa. Ni bei kubwa, ina hatari za nusu kaputi, na baada yake bado unafanya mazoezi yale yale ya kanga na ukuta. Inafikiriwa kwa wale ambao miezi imepita, wamefanya A, B na C, na bado wameganda.

JE, GHALI NDIYO BORA?

Hapa ndipo nilishangaa. Uingereza walilinganisha tiba hizi kwa wagonjwa 503 kwenye hospitali 35, matokeo yakatoka 2020 kwenye jarida la Lancet. Kundi moja lilipata mazoezi pamoja na sindano, la pili likanyooshwa nusu kaputi, la tatu likafanyiwa operesheni. Baada ya mwaka, makundi yote matatu yalikuwa na nafuu kubwa, na hakuna lililowaacha wengine kwa tofauti ya maana. Kundi la mazoezi na sindano lilikuwa na watu wengi zaidi waliohitaji tiba nyingine baadaye. Kundi la operesheni lilipata madhara makubwa zaidi. Kwa hiyo operesheni siyo mbaya, ila siyo ya kuanzia.

TULICHOFANYA

Mama alikuwa bado hatua ya maumivu. Tulianza na sukari, ikashuka kwa dawa na kupunguza chai ya sukari nyingi. Kisha sindano moja, na mazoezi mara mbili kwa siku. Usingizi ulirudi ndani ya wiki chache. Mkono ulichelewa. Leo ni miezi 14 tangu bega lianze. Kilemba anafunga, daladala anashika bomba, mgongoni bado haufiki vizuri. Anashona saa chache, na mimi nimejifunza kukata vitambaa. Mzigo wa vitenge niliuchukua.

SOMO LA BIASHARA NDANI YA BEGA

Ugonjwa huu mara nyingi unalegea wenyewe pole pole. Kwa hiyo dawa ya mwisho uliyotumia ndiyo itapata sifa, hata kama ilikuwa maji ya kunywa. Ni kama kulipia tangazo tarehe 28, mishahara inatoka, oda zinamiminika, unasema tangazo limefanya kazi. Labda ni mshahara. Mtu akikuuzia dawa ya bega kwa ushuhuda wa "nilitumia nikapona", muulize alikuwa amefikisha mwezi wa ngapi.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

- Una uhakika ni bega kuganda? Umejuaje?
- Tuko hatua gani?
- Sukari imepimwa?
- Tiba hii inapunguza maumivu, au inarudisha mkono?
- Tusipofanya kwa miezi mitatu, tutapoteza nini?
- Bima inalipa kipi na kipi natoa mfukoni?
- Siku ngapi hatafanya kazi?

Kwa sisi wa huku, anzia hospitali ya karibu yenye daktari na fiziotherapia. Mount Meru ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukihitaji bingwa wa mifupa zaidi kuna KCMC Moshi, na MOI Dar es Salaam.

Usisubiri kulinganisha bei kama mkono unauma pamoja na kifua kubana na jasho, kama bega limevimba na kuna homa, kama ameanguka, au mkono umekufa ganzi ghafla. Hapo nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama una mama, shangazi au fundi anayekushonea, muombe leo ainue mikono yote miwili juu. Mmoja ukigoma, usimvute. Mpeleke akapimwe.