Gunia lako la mahindi limekugharimu shilingi ngapi?

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, mahindi yanapojaa Mbeya, Songwe, Ruvuma na Rukwa, bei hushuka. Ifikapo Januari au Februari mahindi yaleyale huwa ghali, na mara nyingi mkulima aliyeyauza kwa bei ya kutupa ndiye anayerudi sokoni kununua debe la chakula. Kilimo cha ekari moja au mbili kinaweza kulipa. Kwa wengi wetu faida huvuja mahindi yakishatoka shambani, na haivuji kwa bahati mbaya: inavuja kwa sababu hatujui gunia limetugharimu nini na hatuna pa kulitunza.

Anza na daftari. Andika kukodi shamba, kulimisha, mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, vibarua, usafiri, kupukuchua. Andika na kazi ya familia. Mume na mke wakipalilia siku sita, siku hizo ziandikwe kwa ujira wa kibarua wa kijijini kwenu, maana ni nguvu ambayo ingeingiza fedha kwingine. Tuseme ekari moja imekula shilingi 540,000. Ukivuna magunia 12, kila gunia limekugharimu 45,000. Ukivuna 6, ni 90,000. Asiyeijua namba yake hukubali bei yoyote atakayotajiwa na dalali.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine: ekari moja iliyotunzwa vizuri huweza kulipa kuliko ekari tatu zilizochoka. Mbolea ya dukani inasaidia, ila udongo usio na mboji hauishiki vizuri, na mvua kubwa huisomba fedha yako. Rudisha samadi shambani, acha kuchoma mabua, na changanya mahindi na mbaazi kama wanavyofanya wakulima wengi wa Babati. Mizizi ya mbaazi ina vinundu vinavyoshika naitrojeni ya hewani, na majani yake yakipukutika huwa mbolea. Mwanzoni mbaazi hukua polepole, kwa hiyo haisumbui mahindi sana. Najua wapo walioiacha baada ya mwaka 2017, India ilipobana uingizaji wa mbaazi na bei ikaanguka huku kwetu. Bado nasema panda, lakini kwa ajili ya udongo na chungu cha nyumbani kwanza, mnunuzi wa nje baadaye.

Sasa mavuno. Anika juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Kuangalia kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado umezidi asilimia 15: rudisha turubaini. Isipoganda, usiharakishe kufunga, kwa sababu mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Anika tena juani, na kama kuna ghala la ushirika au mnunuzi mwenye kipima unyevu, peleka kiganja kimoja wakupimie.

Usilichukulie hili kama usumbufu. Mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu wa sumukuvu, sumu isiyoisha kwa kupikwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 maafa kama hayo yaliua watu Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu usiziuze, usiwape kuku, usizisage.

Adui mwingine ni dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970 ikielekea mwisho. Hushambulia hata mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa hiyo kihenge cha zamani peke yake hakitoshi. Kwa mkulima wa magunia machache, ninachokiamini ni mifuko isiyopitisha hewa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo: mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba kimoja. Pembua vizuri vipande vya magunzi visitoboe plastiki. Jaza mfuko wa ndani, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, ifunge kwa kamba, kisha fanya hivyo kwa wa pili na wa nje. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa, bila dawa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Fungua mfuko mmoja mmoja wa kula, mingine iache.

Si lazima uhifadhi yote. Ada na madeni havisubiri Januari. Angalia debe moja la mahindi linalisha nyumba yako siku ngapi, toa chakula cha hadi mavuno mengine, uza ya kulipia mahitaji ya lazima, na yanayobaki ndiyo yasubiri bei. Hata hivyo linganisha: kama ongezeko la bei halitafikia gharama ya mfuko na riba ya mkopo ulionao, uza mapema.

Siku ya kuuza, kataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ukitoa magunia matano ya madebe saba kwa bei ya madebe sita, umempa mnunuzi madebe matano ya bure, karibu gunia zima la jasho lako. Sheria hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Dai mzani, uzeni kwa pamoja kupitia chama chenu ili mnunuzi asiwazungukie mmoja mmoja, na anayeng'ang'ania lumbesa mripotini kwenye ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa wenu.